Beseni la Irmeli

Irmeli aliuza trekta la marehemu,
akanunua beseni la maji moto
la kuenea watu sita.

Juma la kwanza maji yalifura povu
kama maharage jikoni.
Akatia klorini, akazidisha; macho yakamwasha.
Akarudia kijitabu, akachovya kikaratasi,
akangoja kigeuke rangi
kama angojaye majibu ya daktari.

Chujio, kila Jumamosi.
Kifuniko kizito, theluji juu yake nzito zaidi;
huifagia kwa ufagio wa zizini.

Usiku huu, nje ya Oulu,
nyuzi ishirini chini ya sifuri:
nywele zimeganda, mabega yameiva.
Jirani Tauno anachungulia uani.
"Maji yakoje?"
"Dawa imekaa sawa," anajibu,
kisha anasogea kidogo,
ingawa nafasi tano zi wazi.