Jedwali la Tatu

Mkondo A wakapewa kompyuta kumi na mbili,
mkondo B wakapewa mimi.
Ndivyo alivyotugawa mtafiti, kijana mpole kutoka chuoni,
kwa sarafu aliyoirusha ofisini kwa mwalimu mkuu
ikabiringika hadi uvunguni mwa kabati,
tukapiga magoti watatu kuitafuta.

Mada: sehemu. Darasa la sita. Wiki nane.
Mahali: Bahi, shule iliyo nyuma ya stesheni,
ambako upepo wa Agosti huleta vumbi la majaruba makavu
na kila asubuhi Nyemo wa mkondo A
alipangusa kibodi kwa kipande cha kanga ya mama yake.

Sikuogopa. Miaka kumi na tisa nashika chaki.
Nilikuja na karanga za shambani kwangu, nikazimwaga mezani:
gawa kwa tatu, gawa kwa tisa,
ukipatia, tafuna jibu.
Darasa likajaa maganda na kelele.
Treni ya mizigo ya saa nane ilipopita
nilikatika katikati ya sentensi, mkono hewani,
nikasubiri behewa la mwisho.
Ng'ambo ya ukuta wenzao walivaa hedifoni;
hakuna aliyeinua kichwa.

Siku umeme ulipokatika
nilipita mbele ya dirisha lao, nakiri,
taratibu kuliko ilivyohitajika.

Kisha likaja Jedwali la Tatu.
Mkondo A: hamsini na nane nukta nne.
Mkondo B: hamsini na nane nukta tisa.
Chini yake, kwa herufi ndogo kama chawa:
tofauti haina uzito kitakwimu.
Miaka kumi na tisa, nikashinda kwa nusu alama,
na nusu yenyewe haihesabiki.

Wala jedwali halikuwa na safu ya Perisi,
ambaye wiki ya nne nilimwona anameza karanga na maganda yake,
nikajua nyumbani moto haujawashwa tangu Jumapili.
Alipata thelathini na moja.
Mtafiti aliacha mistari mitatu ya "maoni mengine".
Ningeandika nini kikatosha?

Nilichoomba ni kuona kumbukumbu za Mheta Chibago.
Huyu nilimfundisha mwaka mzima uliopita.
Ana kigugumizi. Kwenye ripoti yake niliandika
neno moja, na wino mwekundu: Hashiriki.
Kutoka kumi na moja, alikuwa na sitini na nne.

Kijana akafungua, akanisogezea kiti.
Swali la tano: Mheta alikosea mara kumi na saba.
Mara kumi na saba mashine ilimwambia *Jaribu tena*,
maneno yale yale, rangi ile ile,
haikushusha pumzi,
haikutazama saa,
haikumgeukia Yona dawati la nyuma ikasema, haya, msaidie mwenzako.
Mara ya kumi na nane akapata.
Nikajihesabia za kwangu.
Sikuwahi kufika tatu.

Mashine zikapakiwa kwenye pikapu, zikaenda Kongwa
kulinganishwa na mwalimu mwingine.
Jumatatu mikondo ikachanganywa, watoto themanini na sita,
nami nikamwita Mheta ubaoni.
Theluthi mbili ya tisa.
"S...," akaanza. "S... s..."
Vicheko vikajikunja midomoni.
Nilisikia pumzi yangu ikipanda, ile ninayoijua,
na wakati huo huo treni ikapiga honi darajani.

Mabehewa ishirini na saba. Nayahesabu kila siku.
Sijawahi hata mara moja kuligunia treni.

Nikasimama vile vile, mkono hewani,
hadi la mwisho likapita, na vumbi lake,
hadi paa la bati likatulia.
"Saba," akasema Mheta.

Si saba.
Nikamrudishia chaki.
"Jaribu tena," nikasema,
nikisikiliza sauti yangu kama niliyeiazima.