Idadi: Moja

Kochkor, mwezi wa pili. Maji yameganda bombani
na mimi, chumba cha nyuma cha duka la dawa la shangazi,
najenga soko lisilo na vumbi:
halina mzani, halina mbwa chini ya meza,
halina mtu wa kukushika mkono akakwambia, "Binti, onja."

Kikapu kinajaa, kinamwagwa, kinajaa tena.
Kitufe cha kulipa nimekipa kijani cha majani machanga.
Kilichobaki ni bidhaa.

Burulkan kaja na zulia begani,
limekunjwa kama mtoto aliyepitiwa na usingizi.
Kalikunjua juu ya maboksi ya panadoli:
sufu iliyokandwa kwa miguu na maji ya moto,
pembe za kondoo dume, nyekundu ndani ya kahawia,
pindo limeshonwa mara mbili
kwa uzi aliousokota akisubiri mkate uive.

Nikamsomea fomu.
Urefu? Akapanua mikono. "Mimi mara mbili, na shibiri."
Uzito? "Uliza bega langu."
Idadi iliyopo ghalani?
Akanitazama kama nimemuuliza ana mama wangapi.
"Moja."
Na likinunuliwa?
"Likinunuliwa, halipo."
Fomu ile niliiga kwa wauza viatu. Haikuwa na kosa lake.

Akaja Tolkun, muuza kuruti, maziwa makavu ya kumung'unya,
mfuko umefungwa kwa kamba ya kiatu.
"Bei ya mwisho naiona wapi pa kuiandika," akasema.
"Ya kwanza je?"

Husemwa chema chajiuza.
Chajiuza kwa nani, huku, theluji ikiwa magotini
na basi la watalii likirudi mwezi wa sita?

Zulia likanunuliwa Hamburg. Tukanywa chai, tukacheka.
Siku ya ishirini na tatu likarudi,
na karatasi: *Linanuka mnyama.*
Nilimtafsiria Burulkan nikiangalia sakafu.
Akainama, akazika pua katika ile pembe nyekundu,
akakaa humo muda mrefu kuliko haja ya kunusa.
"Kweli," akasema. "Andika."
Niandike nini?
"Kwamba linanuka kondoo."

Nikaandika chini kabisa, kwa herufi za sisimizi.
Akavaa miwani. "Juu," akasema.
Nikapandisha. "Juu zaidi." Mpaka likakaa kando ya bei,
peupe, kama jino la dhahabu.

Wiki tano, kimya. Shangazi akaanza kuuliza
lini atapata chumba chake cha kuwekea dripu.

Kisha usiku mmoja simu ikatetemeka:
Moskva. Mtu aitwaye Kubanych, mpakia mizigo,
chumba kimoja, wanaume sita, zamu za kulala.
Penye nafasi ya maelekezo kwa msafirishaji aliandika:
*Tafadhali msilifue. Msilipulizie kitu chochote.*
Na chini yake: *Naweza kulipa mara tatu?*

Soko langu halikujua kulipwa mara tatu.
Nililala saa nne katika siku mbili
nikilifundisha kungoja mshahara wa mtu.

Lilipoondoka, ukurasa ukajiandika wenyewe, kwa kijivu:
*Limekwisha.*
Burulkan hakupenda. "Limekwisha vipi?
Sasa hivi mtu amelilalia."
Nikafuta. Nikajaribu *Limeondoka*. Nikajaribu *Lina mwenyewe*.
Neno bado sijalipata; pale pana nafasi tupu
na watu wananiandikia kwamba tovuti ina hitilafu.

Tolkun naye karudi leo, theluji kwenye kope,
kaweka mfuko wake mezani, kavuta kiti.
Hauzi mpaka nimjengee mahali pa kukataa
mara ya kwanza, na ya pili,
na pa kumwita mteja akishageuza mgongo.
Nimefungua kompyuta. Naanza na mgongo.