Waya wa Sita

Ghorofa ya tatu, uchochoro wa nyuma ya Barabara ya Moi,
ofisi ya wakala wa forodha, feni moja inaguna.
Bi. Mghoi hakunipa hata kiti:
"Tangu mlete hiyo swichi mpya, mashine ya dirishani inasusa.
Fomu za makontena zinafika nusu.
Ile habu ya zamani haikuwa na maneno."

Haikuwa na maneno, kweli. Ilikuwa na makelele:
ukiinong'oneza jambo la mmoja, inawatangazia wote;
wawili wakisema pamoja, wote kimya, waanze upya.
Swichi ni karani anayemjua kila mtu na mlango wake.
Ila karani huyu ana haraka,
na mwenye haraka hasamehe kigugumizi.

Nikabadilisha kadi ya mtandao. Bado.
Nikaitafuta ile kutu ya kijani
ambayo chumvi ya mji huu huiotesha juu ya shaba. Hakuna.
Nikachomeka kipimo: moja, mbili, tatu, mpaka nane,
taa zikawaka kwa zamu
kama watoto wa chuoni wakiitwa majina.
Wote wapo.
Wapo, na kazi haiendi.

Basi nikavua viatu, nikapanda mezani,
nikasukuma kigae cha dari, nikaivuta kebo
na vumbi lake na mavi ya mijusi.
Karibu na plagi, fundo la uzi mweusi.
Nililijua kabla sijalishika.

Fundi Msellem alifunga kila kebo yake hivyo,
na kila kebo aliisomea:

*nyeupe-chungwa na chungwa,
nyeupe-jani, buluu,
nyeupe-buluu, jani,
nyeupe-tope na tope.*

"Vina vimegoma," alikuwa akisema, "lakini mizani imetimia.
Waya nane, mizani nane. Nani atadai zaidi?"

Nikaielekeza plagi dirishani, nikahesabu.
Wa sita ulikuwa tope.
Wa nane, jani.
Nikaufuata mwisho wa pili, chini ya meza: vilevile.
Kosa limelingana na kosa, kipimo kikaridhika.
Lakini jani alisokotwa na nyeupe-jani tangu kiwandani,
bega kwa bega, ili kelele za jirani zisiwaingilie.
Ukimtenga na mwenzake, atasema, ndiyo,
atasema polepole, kwa habu mvumilivu.
Mwendo ukizidi, maneno yanachanganyika.

Kebo hii aliikata peke yake,
kabla sijaja kubebeshwa ngazi yake.

Miaka minne nilimshikia tochi.
"Haya, Kadzo, yataje. Jani ni ipi hapo?"
Naye koleo mkononi, anangoja.
"Na tope?"
Nikadhani ananitahini. Nilichukia
jinsi alivyorudia, hata mbele ya wateja,
hata siku niliyokwisha kuzijua rangi usingizini.
Na shati lile la kijani alilolisifu kwa ukahawia wake,
tukacheka wote, yeye akacheka zaidi yetu.

Hakuwa ananitahini.
Alikuwa anauliza.

Nikakata ncha zote mbili. Nikanyoosha waya,
nikapanga, nikabana. Koleo ni lake,
mpini umefungwa mpira wa baiskeli.
Mashine ya dirishani ikapepesa, ikatulia,
fomu ya kontena la vigae ikafika nzima
na mhuri wake.

Bi. Mghoi akafungua kitabu cha matengenezo:
"Niandike tatizo lilikuwa nini?"

Fundi tulimzika mwaka juzi, siku ya mvua.

"Andika chumvi," nikamwambia.
"Mji huu hauiachi shaba."

Plagi ya zamani nikaitia mfukoni pamoja na uzi wake.
Nikashuka ngazi nikizitaja rangi,
kwa sauti, pole pole,
nikisimama kidogo kwenye ya sita.