Tepu ya Cherehani

Vilnius, Januari. Dirisha limeota barafu.
Profesa Vaitkūnienė anatupa tepu ya cherehani:
"Pimeni."

Tautvydas kashika pale tumbo linapokoma,
mimi navuta, kunjo kwa kunjo,
chango la mzee aliyejitoa kwetu bila jina.
Napita meza ya pili,
mgongo unagusa mlango
na bado chango linakuja.

Kidole tumbo hakimnyooshei mtu.
Ndani ya nyongo, kokoto tatu:
sijui kama zilimuuma,
sijui alimwambia nani.

Mita sita na nusu. Naandika.

Jioni, kantini, supu ya bitiruti.
Nameza. Naisindikiza: umio, tumbo,
ile kona ya kwanza…
"Mbona kimya?" anauliza Tautvydas,
kijiko chake hewani.