Kibanda cha Wakalimani

Tumefungiwa wawili ndani ya sanduku la kioo,
mimi na Nekesa, chupa moja ya maji, taa ndogo.
Dakika ishirini zake, dakika ishirini zangu.
Chini yetu ukumbi wa shule ya biashara, kilimani Kabete,
umejaa hadi ngazini: bendera za karatasi, beji shingoni,
kahawa ya Nyeri katika vikombe vilivyotoka Uchina.

Mgeni kutoka Rotterdam ana neno analolipenda.
Analitamka akitabasamu, kama anayegawa peremende.
Kwa Kiswahili ni kuvuruga,
nami nalipeleka lilivyo, masikioni mwa watu:
Kampuni isiyovuruga itavurugwa. Vurugeni mapema.
Vurugeni kwa furaha.
Safu ya tatu, mama mwenye kitambaa cha kijani
anageuka, anakikazia macho kibanda
kama mtu aliyesikia askari wa jiji wakisifiwa kanisani.

Ndiye Bi. Syombua wa Barabara ya Kirinyaga,
duka la futi nane kwa kumi, giaboksi na taa za nyuma,
aliyealikwa kuzungumza robo saa, baada ya chai,
chini ya kichwa ambacho hakukiandika yeye.
Hata jina ratiba imelikosea.

Anasimama. Hana picha za kuonyesha ukutani.
Mara ya kwanza, anasema, nilituma laki mbili na nusu
kwa mtu wa Sharjah anayeitwa Faizal.
Uso wake sijauona mpaka leo, miaka kumi na mmoja.
Nilijua kikohozi chake tu, kwenye simu.
Kontena likakwama Embakasi siku arubaini,
ushuru juu, gharama za kukaa juu,
mume akanuna, wenzangu wa chama wakanipa kisogo.
Faizal akaniambia, uza kwanza, tutahesabiana.
Karatasi hakuna.
Ilikuwa ni imani.

Zamu ilikuwa yangu.
Imani. Nikaishika hewani kama kikombe cha moto.
Ni ile ya msikitini na kanisani?
Ni ile ya mkopeshaji?
Au ni ile tunayosema fulani ni mtu wa imani,
yaani akikuona umelowa atakufungulia mlango
kabla ya kukuuliza u mtoto wa nani?
Mama alizisema zote tatu kwa pumzi moja.
Kiingereza kilinidai nichague.
Sekunde mbili ni nyingi kibandani; Nekesa alishanigeukia.
Nikachagua ile ya katikati,
nyingine mbili nikazimeza na maji.

Mgeni wa Rotterdam aliandika mbiombio.
Alipokishika tena kipaza sauti alikuwa amefurahi, na si unafiki:
neno langu moja limezaa matatu,
yana mishale, yana duara, yako ukutani,
na zamu, kwa bahati mbaya, bado yangu.
Nikayarudisha nyumbani:
mtaji wa mahusiano usioonekana.
Wanafunzi wakanakili.
Kijana mmoja, Lemayian kwa beji yake, akainua simu
akaupiga picha ukuta, juu kidogo ya kichwa cha mama.
Bi. Syombua alikuwa akiitikia kwa adabu,
kama unavyoitikia habari za mtoto wa jirani.

Saa kumi anapanda ngazi kurudisha kisikilizio.
"Yule bwana, pale mwishoni, alikuwa akimsifu nani?"
"Wewe, mama."
Anafikiri. "Haya. Mwambie nimeshukuru."
Kisha anakigeuza kile kidude, anasoma maandishi ya kiwandani,
anakipima uzito kiganjani.
"Na hivi mlinunua bei gani?"
Nekesa anamtajia.
Anacheka mpaka anaushika mlango.

Simu inaita mkobani. Anaiweka sikioni,
na kabla hajasema neno
tunasikia, hata sisi, mtu akikohoa mbali sana,
na uso wote wa mama unafunguka.