Milimita Tano

Niliinunua dola arobaini, chini ya kanisa la Walutheri,
kati ya sufuria zisizo na vifuniko na kinanda kibovu.
Baiskeli ya feleji, rangi ya zabibu, ya mwaka themanini na tisa,
si ya mbio, si ya milimani: chotara,
kama wengi wetu hapa Duluth.
"Inakwenda?" nikauliza.
Bibi Ardis Haukaas akanitazama juu ya miwani:
"Ikisukumwa."

Machi nzima nilishinda nayo gerejini,
ziwa huko chini bado limefunga barafu.
Nikaisugua kutu kwa siki na karatasi ya foili,
nikachokonoa grisi iliyogeuka gundi.
Chini ya tope likatokea jina, limekwaruzwa kwa msumari:
R. Tolonen.
Sikumjua. Nikaliacha lilivyo.

Gurudumu la nyuma ndilo lililonishinda.
Ringi imeliwa na breki na chumvi ya barabarani
hata imebonyea kama shavu la asiye na meno;
spoki nne hazipo, na zilizopo
kila moja inalia sauti yake.

Eino, kijana wa dukani, akanitolea magurudumu meusi,
mepesi kama ungo, bei yake mara kumi ya baiskeli.
Nikamwambia, mwanangu, huko ni kumvisha kondoo hereni.
Nataka spoki thelathini na sita, ringi ya kuta mbili,
rangi ya fedha,
liwezalo kunibeba mimi na gunia la viazi.
Akainama chini ya meza, akalipata moja, akalifuta vumbi.
Akapima. Akaguna.
"Uma wako ni mia na thelathini. Kitovu hiki, mia na thelathini na tano."

Milimita tano! Upana wa mbegu ya tikiti.

Samaki mkunje angali mbichi, husema wahenga,
lakini feleji haikuwapo waliposema.
Nikapitisha fimbo ya hesi, nati mbili,
nikakaza kidogo, tena kidogo,
uma ukaguta kama mtu anayeinuka kitini.
Nikalegeza: umerudi mia na thelathini na moja.
Tena: na mbili.
Tena: na tatu na nusu.
Nikaenda kunywa kahawa, mikono inanitetemeka.
Ingekuwa aluminiamu, Eino alinionya,
sasa hivi ungekuwa na vipande viwili.

Ilikuwa karibu usiku wa manane
gurudumu lilipoingia, tak,
bila kusukumwa.

Sasa nazunguka nayo mjini. La nyuma jipya, la mbele kuukuu,
linayumba kidogo kushoto, na breki yake hupiga yowe
hata mbwa wa akina Maki wamenizoea.
La mbele utalibadili lini? watu huuliza.
Jana nikampita Bibi Ardis nje ya posta.
Akasimama, akainua mkono, akaita kitu nisichokisikia.
Sikumpungia.
Kwenye mteremko ule
mikono yote miwili ina kazi.