Kipimo cha Ulimi

Matema, ziwa limerudi nyuma hatua tatu.
Ambakisye, fundi saa wa Kyela,
ameinama na lenzi yake ya dukani,
anaokota, anatupa.

Jiwe tupu ukililamba, huteleza.
Mfupa uliogeuka jiwe hunata ulimini.
Ndivyo alivyojifunza, mchanga ukimsaga meno.

Hiki kimenata!
Ubavu, anaandika. Wa mnyama gani, sijui.
Namba arobaini na moja.

Sekela, anayesuuza sufuria, anakipokea, anakigeuza:
"Shingo ya chungu hii. Cha Ikombe.
Si uone hapa, alipobonyeza?"

Anatia dole gumba lake kwenye kibonyeo.
Linaenea.

Usiku anafuta "ubavu".
Namba anaiacha.